Virusi Vinavyoua Bakteria: Kazi Inayowasubiri Wanafunzi wa Misungwi

(Mhadhara uliotolewa Misungwi, mkoani Mwanza, mbele ya walimu, wanafunzi, maofisa ugani, wahudumu wa afya na wananchi)



Nawashukuru kwa kukubali kwamba mhadhara wa sayansi ufanyike wilayani, si mjini peke yake.

Kusudi langu leo ni moja. Nataka kuwashawishi kwamba wanafunzi wa wilaya hii, wa sekondari na wa vyuo vya jirani, wanaweza kugundua viumbe ambavyo hakuna mwanasayansi yeyote duniani aliyewahi kuviandika, wakavipa majina, wakavichunguza sifa zake, na kuviingiza katika hazina ambayo siku moja daktari au mtafiti wa kilimo atakwenda kutafuta ndani yake. Viumbe hivyo ni virusi vinavyoshambulia bakteria. Wataalamu huviita bakteriofaji. Mimi nitafupisha, nitasema faji. Vinakaa udongoni, na udongo tunao.

Kuna shaka nataka niiondoe kabla sijaingia kwenye hoja zenyewe, maana najua ipo humu ukumbini: kwamba sayansi ya kuitikisa dunia hufanyika kwingine, sisi kazi yetu ni kuletewa. Mwaka 2019 kaya za wilaya hii ya Misungwi ziligawiwa vyandarua vya aina mbalimbali katika utafiti uliowashirikisha watafiti wa taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR, ya Mwanza, wa Moshi na wa London. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet. Baada ya miaka miwili, katika vijiji vilivyopata vyandarua vya kawaida, watoto 45.8 katika kila 100 walikutwa na vimelea vya malaria. Katika vijiji vilivyopata vyandarua vyenye dawa ya klofenapiri pamoja na ile ya kawaida, walikuwa 25.6. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza vyandarua hivyo kwa nchi ambako mbu wamekuwa sugu kwa dawa ile ya kawaida. Sehemu ya ushahidi uliolisaidia shirika hilo kufikia uamuzi huo ilitoka kwenye nyumba zenu. Na hapo kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, tangu miaka ya 1930, wamekuwa wakizalisha mbegu za pamba zilizoikomboa Kanda ya Ziwa; herufi UK katika jina la mbegu ya UK91 ni Ukiriguru yenyewe. Kwa hiyo sikuja kuwafundisha Misungwi kuanza sayansi. Nimekuja kuomba kwamba safari hii vijana wawe watafiti wenyewe.

Hoja ya kwanza: faji si kitu kigeni kwa mwanafunzi wetu, ila tumemfundisha kuichora tu

Mwanafunzi yeyote wa kidato cha tano anayesoma Baiolojia amewahi kuichora. Kichwa chenye pembe, shingo, mkia, na vijiguu vya kujishikiza. Anaichora, anaweka majina ya sehemu, anapata alama zake, anafunga daftari. Hajaambiwa kwamba katika udongo alioukanyaga akija shuleni asubuhi ile kulikuwa na faji nyingi zisizohesabika, na kwamba huenda nyingi kati ya hizo hazijawahi kuchorwa na mtu.

Faji ndiyo kundi lenye idadi kubwa kuliko viumbe vyote duniani. Makadirio yanayokubalika ni moja ikifuatiwa na sifuri thelathini na moja. Namna inavyofanya kazi ni hivi: inajigusisha kwenye ngozi ya bakteria inayemfahamu, inaingiza vinasaba vyake ndani, inakiamuru kiwanda cha bakteria kutengeneza faji mpya, kisha inampasua na watoto wake wanatoka kutafuta bakteria wengine. Haimgusi binadamu, haimgusi ng'ombe, wala haigusi mmea. Na kwa kawaida haigusi hata bakteria wa aina nyingine. Kila faji ina windo lake.

Historia yake nitaipita haraka. Mwaka 1896 Mwingereza Ernest Hankin, aliyekuwa akifanya kazi India, aliandika kwamba maji ya mito Ganges na Yamuna yana kitu kinachoua vijidudu vya kipindupindu. Mwaka 1915 Frederick Twort aliona jambo linalofanana maabarani London. Mwaka 1917 Félix d'Hérelle, akiwa Paris, alitenga kitu hicho kutoka kwa wagonjwa wa kuhara damu na akakipa jina tunalolitumia mpaka leo. Miaka michache baadaye alikuwa tayari anawatibu watu kwa faji. Kituo kilichoanzishwa Tbilisi, nchini Georgia, mwaka 1923 hakijaacha kutibu hivyo. Nchi za Magharibi ziliacha mara penisilini ilipoenea. Sasa, antibiotiki zinaposhindwa, zinarudi.

Hoja ya pili: wanafunzi wameshafanya kazi hii, na imeokoa maisha

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo moyo wangu ulipo.

Katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, yupo mtafiti anayeitwa Graham Hatfull. Kwa miaka mingi amekuwa akichunguza faji zinazoshambulia jamii ya bakteria ambamo kifua kikuu kimo. Aligundua kwamba kazi ya kutafuta faji mpya haihitaji shahada ya uzamivu. Inahitaji uvumilivu, usafi, na mtu aliye tayari kuandika kila anachofanya. Akawapa wanafunzi wa sekondari na wa mwaka wa kwanza chuoni. Mwaka 2008 mpango huo ulipanuliwa kwa msaada wa Taasisi ya Howard Hughes, ukapewa jina la SEA-PHAGES, na leo unafuatwa katika vyuo zaidi ya mia moja. Maelfu ya wanafunzi kila mwaka wanachota udongo karibu na wanapoishi. Hawatumii bakteria wa kifua kikuu wenyewe. Wanatumia ndugu yake asiye na madhara, Mycobacterium smegmatis, anayekua kwa siku moja au mbili wakati yule wa kifua kikuu anachukua wiki kadhaa.

Kazi hiyo ikafika Afrika. Mwaka 2010, mjini Durban, Afrika Kusini, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Lilli Holst, alichukua sampuli kutoka upande wa chini wa bilinganya lililooza kwenye rundo la taka za mboji. Ndani yake alipata faji. Akaiita Muddy. Ikasomwa vinasaba vyake, ikahifadhiwa kwenye jokofu Pittsburgh, ikakaa humo miaka minane bila mtu kuihitaji.

Mwaka 2018 kulikuwa na msichana wa miaka 15 hospitalini London. Alizaliwa na maradhi ya kurithi yanayoharibu mapafu, akapandikizwa mapafu mapya, kisha bakteria aitwaye Mycobacterium abscessus akaenea mwilini mwake: kwenye ini, kwenye kidonda cha upasuaji, chini ya ngozi ya mikono na miguu. Antibiotiki zote zilishindwa. Madaktari wake walimwandikia Hatfull, naye akapekua hazina ile ya wanafunzi iliyokuwa na faji zaidi ya 10,000. Kati ya zote hizo zilizoweza kumuua bakteria wa msichana yule ni tatu. Mbili zilibidi zirekebishwe vinasaba kwanza ili ziue sawasawa. Moja iliua vilivyo kama ilivyotoka kwenye bilinganya. Ilikuwa Muddy. Msichana akapewa mchanganyiko wa faji hizo tatu kwa njia ya mshipa mara mbili kwa siku. Katika miezi iliyofuata kidonda kikafunga, ini likapata nafuu, vinundu vingi vya ngozi vikatoweka, akarudi nyumbani. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 2019 katika Nature Medicine.

Wanafunzi, hebu nisikilizeni. Lilli Holst alipochota kile kinyevunyevu cha bilinganya hakujua kuna mgonjwa London. Hakuna aliyejua. Kilichowezesha tiba ile ni kwamba aliandika mahali, aliandika siku, alisafisha faji yake mpaka ikawa moja tu, na akaihifadhi kwa namna ambayo mtu asiyemjua angeweza kuitumia.

Hoja ya tatu: udongo wa Usukuma ni shamba la utafiti lililokwisha kupangwa

Nikisema udongo wa Misungwi, wazee watanisahihisha: udongo upi? Wanajua kwamba juu, karibu na mawe makubwa ya matale, kuna mchanga unaotokana na kumomonyoka kwa mawe hayo. Ukishuka mteremko unakuta luseni, udongo wa kichanga wa mihogo, viazi na karanga. Ukishuka zaidi unaingia itogolo, ule mgumu unaotuamisha maji na ambao sasa umejaa majaruba ya mpunga. Bondeni kabisa kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kunasa magurudumu masika. Wasukuma waliupanga udongo wao kwa majina haya kabla ya ramani yoyote ya serikali. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani kule Usambara, alipoeleza mwaka 1935 kwamba aina za udongo wa Afrika Mashariki hufuatana kwa utaratibu uleule kutoka kilele hadi bonde, alikuwa anaandika kwa lugha ya kitaalamu jambo ambalo mkulima wa hapa anaishi nalo.

Mpangilio huo ni zawadi kwa mtafiti kijana. Katika mteremko mmoja wa kilometa moja au mbili, bila kupanda gari, mwanafunzi anaweza kuchukua sampuli za aina nne za udongo, zenye unyevunyevu tofauti, uchachu tofauti na mimea tofauti. Anaweza kuuliza swali la haki kabisa: faji za smegmatis ziko nyingi zaidi wapi, na kwa nini? Tunajua faji hupatikana kwa urahisi penye kivuli, unyevu na mabaki ya mimea inayooza. Tunajua pia kwamba chembe za mfinyanzi hunasa faji na kuzishikilia. Kwa hiyo mbuga inaweza kuwa na faji nyingi lakini ikawa bahili kuziachia, na mwanafunzi itambidi ajaribu vimiminika mbalimbali vya kuzitoa. Ongeza zizi la ng'ombe, shimo la samadi, jaruba baada ya kuvuna, chini ya mwembe, ukingo wa ziwa pale Kigongo. Huo ni mwaka mzima wa maswali, na kila mojawapo lina jibu linaloweza kupatikana.

Kazi yenyewe naieleza kwa ufupi ili walimu waone ukubwa wake. Unachota udongo kiasi cha kijiko, unaandika mahali kwa vipimo vya GPS, kina, joto la udongo, siku na saa. Maabarani unautia kwenye mchuzi wa lishe pamoja na bakteria wa smegmatis, unautikisa siku kadhaa ili kama kuna faji ijizalishe. Unauzungusha kwenye mashine mpaka mchanga na tope vitue chini. Maji ya juu unayapitisha kwenye chujio lenye matundu ya mikromita 0.22, bakteria wanabaki, faji zinapita. Maji hayo yaliyochujwa unayachanganya na bakteria wapya na agari laini iliyo vuguvugu, unamwaga kwenye sahani, unasubiri. Kesho yake au keshokutwa bakteria wametanda sahani nzima. Kama faji ipo, utando huo una matundu maangavu, kama kanga iliyoliwa na mende. Kila tundu limeanzia kwenye faji moja.

Nimeona nyuso za vijana wanapofungua sahani ya namna hiyo kwa mara ya kwanza. Walimu mnaijua sura hiyo, na mnajua jinsi inavyopatikana kwa nadra katika vipindi vyetu.

Hoja ya nne: kupata faji ni mwanzo, kuijua ndiko sayansi ilipo

Hapa ndipo watu wengi wanapochoka, na hapa ndipo naomba tusichoke.

Lile tundu la kwanza linaweza kuwa na faji za aina mbili au tatu zilizochanganyika. Mwanafunzi anagusa tundu moja tu, anazimua kwa kumi, kwa mia, kwa elfu, anapanda upya. Anarudia mpaka matundu yote kwenye sahani yafanane. Kisha anahesabu. Tuseme ametia mikrolita 10 za kimiminika kilichozimuliwa mara milioni moja, akapata matundu 48. Mililita moja ina mikrolita 10 mia moja; kwa hiyo 48 mara 100 mara 1,000,000. Faji bilioni 4.8 katika kila mililita ya kimiminika cha mwanzo. Mwalimu wa Hisabati anayelalamika kwamba wanafunzi hawaoni maana ya vipeo vya kumi, namkaribisha maabarani.

Halafu anatazama sura ya matundu. Je, ni maangavu kabisa, au yana ukungu katikati? Swali hili linaonekana dogo lakini ni la uhai na kifo. Faji inayoacha tundu angavu humuua kila bakteria inayemwingia. Inayoacha ukungu, mara nyingi, ni ile inayoweza kujificha: inaingia ndani ya bakteria, inajiunga na vinasaba vyake, na kuishi humo kimya, ikirithiwa kizazi hadi kizazi. Faji ya namna hiyo haifai kuwa dawa kama ilivyo. Tena inaweza kuwa hatari. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria tunakijua kipindupindu. Mwaka 1996 watafiti Matthew Waldor na John Mekalanos walionyesha kwamba sumu inayomfanya mgonjwa wa kipindupindu aharishe maji mpaka akauke imeandikwa katika vinasaba vya faji iliyojichomeka ndani ya bakteria. Bila faji hiyo, bakteria yule asingekuwa muuaji tunayemfahamu. Kwa hiyo anayewaambia kwamba faji zote ni rafiki wa binadamu msimwamini. Ndiyo maana nasisitiza kuijua faji kabla ya kuitumia.

Hatua inayofuata ni kutoa vinasaba na kuvikatakata kwa vimeng'enya maalumu ili kupata mchoro wa vipande unaoitofautisha faji moja na nyingine. Vimeng'enya hivyo vilipatikana kwa bakteria, ambao huvitumia kama silaha dhidi ya faji. Hata mbinu ya CRISPR ya kuhariri vinasaba, inayozungumzwa sana siku hizi, imetokana na kinga ya bakteria dhidi ya faji. Vita hivi vya udongoni ndivyo vilivyoipa baiolojia vifaa vyake bora.

Kisha hadubini ya elektroni, inayoonyesha umbo: mkia mrefu, mkia mfupi, kichwa cha duara au kilichorefuka. Hadubini hiyo hatutakuwa nayo wilayani, na hakuna aibu, sampuli husafirishwa. Mwisho, kusoma mfuatano mzima wa vinasaba. Faji ya kwanza kusomwa kikamilifu kwa vinasaba vya DNA, mwaka 1977, na Frederick Sanger na wenzake, ilikuwa na herufi 5,386. Muddy ina karibu 48,000. Mfuatano ukishapatikana, mtu anakaa mbele ya kompyuta na kuamua jeni moja baada ya nyingine: inaanzia wapi, inaishia wapi, inafanya nini. Na hapa walimu wa shule zisizo na maabara naomba mnisikie vizuri. Kazi hii ya kompyuta haihitaji jokofu, wala chujio, wala agari. Inahitaji programu zinazopatikana bure, intaneti, na kijana anayejua kubisha kwa hoja. Wanafunzi wanabishana kweli: huyu anasema jeni inaanzia hapa, yule anasema pale, kila mmoja na ushahidi wake. Katika faji mpya, jeni nyingi hazifanani na kitu chochote ambacho kazi yake inajulikana. Mwanafunzi wa Misungwi anafika ukingoni mwa elimu ya dunia akiwa bado na sare ya shule.

Hoja ya tano: haja yetu ni kubwa kuliko ya wengine

Usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ambao Wizara ya Afya inauita UVIDA, uliua moja kwa moja watu wanaokadiriwa kufikia milioni 1.27 duniani mwaka 2019, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mzito zaidi. Hapa Mwanza, watafiti wa chuo cha afya cha Bugando wamefanya kazi ya miaka mingi juu ya jambo hili. Mwaka 2016 walichapisha ripoti iliyoonyesha kwamba bakteria wenye uwezo wa kuharibu antibiotiki muhimu wanapatikana katika mazingira ya mwambao wa Ziwa Victoria jijini Mwanza, na hata ndani ya matumbo ya samaki. Bakteria sugu hawako wodini tu. Wako majini tunakochota na kuvua.

Majirani zetu wameshaanza. Nairobi, watafiti wa taasisi ya kimataifa ya mifugo, ILRI, wanashughulikia faji za kupunguza Salmonella kwa kuku. Kwenye taasisi ya utafiti wa nyani nchini Kenya, faji zilizotengwa kutoka mazingira ya Nairobi zilijaribiwa mwaka 2016 kwa panya walioambukizwa Staphylococcus sugu, na zikafanya kazi. Katika Ziwa Elmenteita lenye magadi, watafiti wa Kenya wamezitenga faji zinazoishi kwenye chumvi kali. Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, nacho kina watafiti wake. Kwa nini Mwanza iwe ya kuhadithiwa?

Na maofisa ugani msidhani nimewasahau. Mnyauko wa bakteria uliogundulika kwenye migomba ya Uganda mwaka 2001 ukavuka kuja Kagera, mnyauko wa nyanya unaowatia hasara wakulima wa bustani za mwambaoni, ugonjwa wa madoa ya bakteria kwenye pamba ambao Ukiriguru imepambana nao kwa mbegu stahimilivu: yote haya husababishwa na bakteria, na kila bakteria ana faji zake. Marekani iliruhusu tangu mwaka 2005 dawa ya faji ya kunyunyizia nyanya na pilipili dhidi ya bakteria wa jamii hiyohiyo ya Xanthomonas inayoshambulia migomba na pamba. Kama nikiambiwa nichague pa kuanzia kuona faida hapa kwetu, nitachagua shambani kabla ya hospitali.

Naomba nieleweke kuhusu hospitali. Hakuna mtu atoke hapa leo akanywe maji ya udongo. Faji moja haitibu kila mtu. Mwaka 2022 Hatfull na wenzake walitoa taarifa ya wagonjwa 20 waliotibiwa kwa faji, na walioonyesha nafuu ni 11. Bakteria hujifunza kuikwepa faji kama wanavyoikwepa dawa. Kinga ya mwili nayo inaweza kuizima. Maabarani wameonyesha kwamba mchanganyiko wa faji, Muddy ikiwemo, unaweza kumuua bakteria wa kifua kikuu ndani ya vyombo, na hilo ni jambo kubwa kwa Tanzania, mojawapo ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Lakini chombo si pafu la mtu. Kati ya hapo na dawa kuna miaka ya majaribio na vibali.

Hoja ya sita: masharti

Masharti yangu ni machache, nami sitayalegeza. Shuleni atumike bakteria asiye na madhara peke yake. Asiletwe kijidudu kutoka kwa mgonjwa, hata kwa nia njema. Sahani zote zichemshwe kwa mvuke wa presha kabla ya kutupwa. Sufuria ya presha ya jikoni inatosha kwa maabara ndogo, ila isirudi tena jikoni. Kila sampuli iwe na daftari. Na kila faji inayotoka hapa ibaki na nakala hapa nchini, katika jokofu la taasisi ya Kitanzania, na jina la mwanafunzi aliyeipata liandikwe kila inapotajwa. Tushirikiane na wageni kwa utaratibu wa Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na kwa mikataba iliyosomwa. Udongo wetu usiondoke nchini kwenye mkoba wa mtu, kisha turudi kuomba tusome habari zake.

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie kwa kutazama mbele.

Mwaka mmoja kutoka leo ningependa kuona shule tatu tu, si thelathini. Tatu zenye mwalimu wa Baiolojia aliyefunzwa, mashine moja ya kuzungusha wanayoshirikiana, machujio, sahani, na daftari. Mwaka wa pili, sampuli zilizosafishwa ziende Bugando na Ukiriguru. Tangu Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa kati ya Kigongo na Busisi, shule za Sengerema nazo zimekuwa rahisi zaidi kufikika kutoka hapa, zisiachwe nje. Mwaka wa tatu, faji ya kwanza ya Misungwi isomwe vinasaba vyake, na vijana walioipata wakae mezani kuamua jina. Waipe jina la kijiji, la bibi, la mlima, lolote wapendalo. Ni haki yao.

Waheshimiwa madiwani, nawaomba muweke fungu la vifaa hivi katika bajeti ya halmashauri ijayo, hata kama ni dogo. Watafiti wa Ukiriguru, nawaomba mfungue milango ya maabara zenu siku moja kwa wiki wakati wa likizo za shule. Wazazi, kijana akiwaomba ruhusa ya kuchota udongo zizini, mpeni, na mwonyesheni ulio mzuri. Na wakuu wa shule mlio tayari, naomba mniandikie majina ya shule zenu kabla hatujatoka ukumbini. Mafunzo ya walimu tutayaanza kabla ya mvua za vuli, ili udongo ukilowa sampuli za kwanza zichukuliwe.